Koti la Bwana Misitu

Gari la abiria, Noah ya kwenda Mlowo, lilipotoka Ikinga, Lusungu alijikuta ameketi katikati ya vita. Kushoto kwake mama Violet, mwenye shamba la mahindi pembeni ya msitu. Kulia, bwana misitu na kofia yake ya kijani.

"Mama, kima wale usiwapige, ni urithi wetu. Weka sanamu shambani, watakimbia."

"Niliweka, baba. Nikaivalisha koti la baba Violet, kima wakatoweka. Mwaka huu nikaongeza ukali, nikaivalisha lile koti kuukuu la sare yenu ya misitu ulilotugawia. Kama wapasua mbao wanalikimbia, kima ni nani?"

"Enhe!" Bwana misitu alivimba kifua. "Wakafanyaje?"

"Wakaita ukoo mzima, baba. Waliona mtetezi wao amefika."

Lusungu alikohoa ili asicheke. Noah iliposimama Mlowo, bwana misitu alishuka, kofia yake kaitia mfukoni.