Wembe wa Kilio

Sellah alijifanya amelala, maana watu wakiona umelala huongea vizuri zaidi. Nyuma yake kwenye basi la Navakholo, kijana Mukabana, aliyetoka jela asubuhi hiyo, alikuwa akimweleza mzee Joash, ambaye walijuana hapo hapo kitini, kwamba baba yake alizikwa yeye akiwa ndani.

“Kwa hivyo hukunyolewa pamoja na ndugu zako baada ya mazishi, kama desturi yetu,” mzee akasema. “Na mama yako hawezi kukupakulia chakula kabla wembe wa kilio haujapita kichwani.”

“Si umepita, mzee? Jela walininyoa juzi.”

“Wembe ya serikali hainyoangi kilio. Ngoja nywele ziote, ndipo uende.”

“Nizingojee wapi? Kule Kakamega wa kunilaza ni wale vijana wa genge letu tu. Nikikaa kwao wiki moja, nitaamka nimeshika panga tena.”

Sellah akageuka, usingizi wa uongo umemwisha. Kichwa cha kijana kiling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Hata kinyozi hodari angenyoa nini hapo?

Basi likasimama kwenye kituo cha kwao Mukabana. Mukabana akaweka mguu mmoja chini, wa pili akauacha ngazini. “Shuka ama urudi,” kondakta akasema.

Joash akamkodolea macho. “Lakini uko na ndevu mbili tatu. Waambie waanzie hapo.”

“Watakubali?”

“Mimi si wa ukoo wenu.”

Kijana akashuka taratibu, kidevu amekikinga kwa mkono, kana kwamba upepo ungezipeperusha.