Mlango Uliofunguliwa kwa Heshima ya Mgeni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, ambaye ndiye mgeni wetu rasmi, Mganga Mkuu, viongozi wa meza kuu, wagonjwa mliosogezewa viti, mabibi na mabwana:

Sisi wafanyakazi wa Kitengo cha Kompyuta tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Chumba chetu ni kile kilicho nyuma ya duka la dawa, ambacho wengi hukidhania stoo. Leo viti vimefutwa vumbi, na feni imekubali kuzunguka kwa heshima yako.

TULIKOTOKA

Kitengo kilianza na watu wachache na printa moja yenye hasira. Mafaili yalikaa makabatini, na panya waliyapitia kabla ya madaktari. Baadaye hospitali ikakodi seva za mtandaoni, ndilo hilo wanaloliita wingu. Mzee wa masjala aliuliza kama mvua ikinyesha mafaili yatalowa, tukacheka sana.

Huko tulijenga nyumba mbili, yaani mifumo miwili ya kompyuta. Moja ni ya kweli, ya kuhudumia wagonjwa. Ya pili ni ya majaribio, tunamovunja na kuunganisha bila kumdhuru mtu. Hiyo ya pili aliisimamia mwenzetu tunayemwita Mama Pacha, mama mwenye maneno machache na macho makali.

MAFANIKIO

Majibu ya maabara sasa humfikia daktari kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Tunayo mafanikio mengine, ila ofisi ya utawala ilituagiza tufupishe risala, hasa sehemu ya changamoto. Tumeamua kufupisha hapa. Ndiyo maana nakala iliyowekwa mezani kwako hailingani na hii tunayosoma.

CHANGAMOTO

Nyumba zile mbili zilitakiwa kila moja iwe na ukuta wake na ufunguo wake. Kwa kubana matumizi zikawekwa kiwanja kimoja, ufunguo mmoja, katikati pazia tu. Tena ile ya majaribio ikajazwa kumbukumbu za wagonjwa halisi, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kutunga za uongo.

Mheshimiwa, utakumbuka kwamba kabla ya ziara yako iliyopita ulipenda kuutazama mfumo kwenye simu yako ukiwa safarini. Ili usisumbuliwe na nenosiri, ofisi iliagiza liondolewe kwenye nyumba ya majaribio. Mama Pacha alisimama kikaoni akasema, "Jamani, mle ndani mna watu. Mkifungua huku, mtu anapita mpaka kule." Akajibiwa, "Mama, mgeni mwenyewe ni wa siku moja tu."

Ulikuja, ukasifu, ukaondoka. Mlango ukabaki wazi, maana kila Mama Pacha alipoomba ruhusa ya kuufunga aliambiwa huenda mheshimiwa akataka kutazama tena.

Kisha akaingia asiyealikwa. Alipitia kwenye majaribio, akaukuta ufunguo, akafungua nyumba ya kweli, akaanza kuwaandikia wagonjwa akiwatisha kwamba atayatangaza magonjwa yao. Bibi mmoja alikuja dirishani kwetu, simu mkononi, akauliza kwa sauti ya chini: "Nani kamwambia huyu habari zangu? Hata wanangu sijawaambia." Tuliona aibu, na aibu hiyo tunayo mpaka leo.

Aliyesimamishwa kazi ni Mama Pacha, kwa kuwa nyumba ya majaribio iko kwa jina lake. Sisi tulihojiwa mmoja mmoja, na hakuna aliyetuuliza ni nani aliyeagiza mlango ufunguliwe. Shauri lake litaamuliwa na Bodi yako, Mheshimiwa. Mapacha wake amewaambia yuko likizo, nao wameanza kuuliza mbona likizo yenyewe haiishi.

MAOMBI

Tulikusudia kuomba kiyoyozi. Kisubiri.

Tunaomba nyumba hizo zitenganishwe kabisa, na wagonjwa waondolewe kwenye majaribio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta umekwisha kuanguka mara moja. Tunaomba pia Bodi imsikilize Mama Pacha kabla ya kumhukumu, na iwasikilize walioagiza.

Ombi la mwisho haliwezi kungoja kikao. Tukimaliza kusoma utaombwa ubonyeze kitufe cha kuzindua huduma mpya, na skrini iliyo nyuma yako itauonyesha mfumo. Utakaoonyeshwa ni ule ule wa majaribio, wenye kumbukumbu zile zile. Kwa heshima yako nenosiri, lililorudishwa baada ya uvamizi ule, limeondolewa tena tangu jana. Hivi tunavyosoma, mlango uko wazi kwa yeyote, popote alipo. Sisi tumekatazwa kuufunga.

Wewe hujakatazwa. Tunakuomba usibonyeze, Mheshimiwa. Tuamuru tuufunge, hapa hapa, mbele ya wagonjwa hawa.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na ujasiri, na awasitiri wote walioyakabidhi maradhi yao mikononi mwetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Kompyuta,
pamoja na Mama Pacha, aliyezuiwa getini asubuhi ya leo.