Fito za Maharagwe Zilizorudisha Ndege Mlimani

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa sekta yetu, Mkuu wa mtaa, ndugu wageni wa Tanzania na Kenya mliovaa vizuri kuliko bwana harusi, jirani zangu wa Ndera, na wewe Tito tunayekuaga leo: nawasalimu kwa vyeo vyenu, halafu nawasalimu tena wote sawasawa, maana tope halikuuliza cheo cha mtu.

Naitwa Akimana. Nyumba yangu ni ile ya bati jekundu, ya kwanza chini ya mlima. Nitasema Kiswahili nilichokulia ukimbizini Karagwe, kwa sababu mgeni wetu amekaa hapa Rwanda miaka minne na Kinyarwanda chake bado hakinunui hata nyanya sokoni Kabuga. Usicheke, Tito. Ni kweli.

Ndugu zangu, nani amesahau mlima huu ulivyokuwa? Miti ya zamani tuliikata tukapikia. Mikaratusi iliyofuata tukaikata tukajengea. Kilichobaki tukakifanya fito za maharagwe, maana maharagwe yetu hayatambai chini, yanapanda kama mbuzi aliyeona ukuta. Ukabaki udongo mwekundu, na kipande cha msitu kule korongoni, ambako miti ilizaa, matunda yakaanguka chini ya mama yao, yakaoza. Kwa nini yaoze? Kwa sababu mti hauna miguu. Miguu ya mti ni ndege. Na ndege je, ni mjinga? Avuke uwanja mtupu, hana tawi la kutua, na kipanga anamtazama kutoka juu? Akabaki kule. Mti ukamngoja ndege, ndege akaungoja mti, na sisi huku tukaingoja mvua kwa hofu.

Masika yakaja. Tope likaingia chumbani kwa jirani yangu Muhire, likalala kitandani mwake kama mwenye nyumba. Yeye, Mungu ashukuriwe, alikuwa kazini Kanombe. Ndipo watu wa sekta wakatuambia, na walikuwa na haki kutuambia: mlima usiposhikwa na mizizi, nyumba zote za chini zitahamishwa. Jamani, mimi nilihama mara ya kwanza nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Nimerudi nikiwa na mvi. Nihame tena, niende wapi?

Tito akaletwa aurudishie mlima miti. Akapanda miche, ikakauka. Akapanda tena, ikakauka. Mara ya tatu akaja na fito kavu, kila moja ina kijiti kimekingama juu, akazisimika mlimani. Mtaa mzima ukacheka. Muhire akamwuliza, "Bosi, hizo nazo utazimwagilia?"

"Hivyo ni viti vya ndege," Tito akasema. "Mgeni akikosa kiti, hakai."

Wiki haikuisha, nusu ya viti ikatoweka. Spéciose, simama watu wakuone. Simama, sha, leo hakuna polisi! Tito alizikuta fito zake shambani kwa mama huyu, kati ya korongo na mlima, maharagwe yamezipanda hadi shingoni. Wala hakukana. Alisema, "Niliona fito zimesimama, hakuna hata haragwe moja chini yake, nikajua huyu Mtanzania amesahau kupanda."

Kisha akamgeukia aliyeibiwa akamgombeza! "Tena zichukue! Tangu nizilete ndege wanashinda juu yake wakininyea shamba, na kila nikipalilia nakuta magugu mapya." Akammwagia kikapu kizima cha magugu hayo miguuni.

Tito akapiga magoti. "Mama, haya si magugu. Huu ni umuhanga. Huu ni umuvumu. Mama, hii ni miti ya korongoni!"

"Basi ing'oe mwenyewe," Spéciose akamjibu.

Tito alikuwa ameweka viti mbali mno na korongo wanakotoka ndege, na mwizi wetu akavisogeza karibu. Msimu ule, maharagwe yalipovunwa, fito hazikuishia jikoni kuwa kuni. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kila nyumba ikatoa zake, na Spéciose akabeba mzigo uliomziba uso. Tukazisimika kuanzia korongoni hadi juu, na makapi ya maharagwe tukayatandaza chini yashike unyevu. Shore wakaja, kuzumburu wakaja, wakala kule, wakanya huku. Samahani, Mheshimiwa, lakini msitu huu umeanzia hapo hapo.

Leo miti imenipita kimo. Mingine imeanza kuzaa, ndege wanajenga viota, na masika mawili yamepita tope halijashuka. Na asubuhi hii mmemsikia Mheshimiwa kwa masikio yenu: nyumba za chini zinabaki. Zinabaki! Pigeni vigelegele, mnamngoja nani?

Ila msilewe furaha. Kama tungekata na miti ya lile korongo, fito zetu angezikalia nani? Viti vingi na sufuria tupu, hiyo ni harusi gani? Atakayepeleka panga korongoni, mimi na Spéciose tutamfuata hadi kwa mama mkwe wake.

Tito, mwanangu, tulikucheka hukununa. Tulikuibia, ukapiga magoti ukafurahi. Mama aliyekuzaa hakupoteza usiku wake. Mpelekee salamu zetu Bukoba, umwambie huku una mama wengine, wakali kidogo.

Mimi kwa muda wote huu sikuziba hata ufa mmoja nyumbani kwangu. Nikiuona nasema, uache, si tutahama? Jumatatu Muhire ananiletea mawe ya msingi. Najenga vyumba viwili, vya wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Mwenye mikono aje. Mwenye maneno tu abaki kwake. Mheshimiwa, karibu nawe, koleo lipo.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu, na Mungu awabariki.