Amina Niliyoisema Nikikataa

Bwana apewe sifa, wapendwa! Nikikwama katikati ya neno, nawaomba msinimalizie. Ningojeeni tu, nitafika.

Mnanijua, Mama Neema, mchuma chai wa hapa Mpuguso. Zamani mdomo wangu haukuwa na breki, hata msimamizi shambani alinikwepa. Mume wangu alipofariki nilibaki na Neema, binti yangu wa pekee. Kisha kiharusi kikaniangusha kati ya michai, kikapu mgongoni. Nilipozinduka hospitalini, mkono wa kulia umelala na maneno yote yamekwisha. Yote, isipokuwa moja: "Amina."

Ndugu zangu, nikitaka maji, "Amina." Nikitaka kwenda chooni, "Amina." Nikikasirika, "Amina!" Akilini nilijua ninachotaka, mdomo ukanisaliti. Nanyi mlipokuja kuniombea mkashangilia kwamba nimejazwa Roho. Bibi mmoja akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, Kyala!" Mkaimba pambio, nami nimelowa mkojo. Nalisema bila kuwaonea haya.

Ndipo akaja shemeji yangu wa Mbeya, kaka wa marehemu. Hakuwa na ubaya. Akaniuliza mbele ya wazee: "Shemeji, nimchukue Neema akakae kwangu, asome huko. Unakubali?" Moyo wangu ukapiga kelele kukataa! Mdomo ukasema, "Amina." Nikatikisa kichwa, wakasema ugonjwa unanitikisa. Nikalia, wakasema ni furaha. Neema alinitazama, akabeba begi lake, akaenda. Siku hiyo nilimwomba Mungu anichukue.

Hakunichukua. Kliniki wakanipeleka kwa dada mmoja anayefundisha wagonjwa kuongea upya. Akanipangia picha mezani: kikombe, kitanda, choo, mtoto. Akauliza kama nataka chai. "Amina," nikasema, huku kidole kikigonga picha ya mtoto. Akaniangalia. "Mama, mdomo wako unasema lake. Mimi nitafuata kidole."

Nililia, wapendwa! Tangu niugue, huyo ndiye mtu wa kwanza kunisikia.

Neno tulilolitafuta kwanza ni "hapana". Nililihangaikia msimu mzima wa mvua, nikitoa mate badala ya sauti, nikikata tamaa, nikirudi tena. Likaja! Baadaye yakaja mengine machache. Yule dada akapiga simu Mbeya, akaniwekea sikioni.

"Neema. Rudi."

Kisha akauliza, "Mama, ulinichoka?"

"Hapana."

Amerudi, sifa kwa Bwana! Lakini hanitanii tena kama zamani. Akiniletea uji hubisha hodi kwanza, kwa adabu, kama mgeni. Hilo linaniuma kuliko mkono huu.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nikiwa bubu. Nawe mwenye mgonjwa aliyefungwa ulimi, mtumaini Bwana, mwombee, kisha mpeleke kwa hao wanaofundisha kuongea. Na ukimuuliza jambo, ndugu yangu, usishike jibu lake la kwanza kwa sababu tu limekupendeza.