Picha ya Ninahazwe Isiyopenda Jua

Sogeeni karibu, wanangu, na weye Achille zima hiyo redio, maana sauti iliyonibakia haitoshi kushindana nayo. Huyo Consolée anayengoja barazani mwacheni angoje kidogo. Mama yake, huyo Ninahazwe, alinikosesha usingizi miaka mingi, basi mtoto wake anaweza kukaa juu ya kiti mpaka nimalize.

Nyumba hii ya Kilibula ni yenu wote, isiuzwe. Chumba cha giza cha marehemu Ngongo, babu yenu, pamoja na beseni zake, taa nyekundu na mashine ya kukuzia picha, ni cha mjukuu wangu Fanny, kwa kuwa ndiye peke yake anayejua kuosha filme bila kuiharibu. Achille mwanangu, usiniangalie hivyo, weye ungekigeuza mahali pa kuchajia telefone.

Sasa hii picha ambayo Consolée amekuja kuomba. Vita ilipofunga njia, dawa na karatasi za picha hazikufika tena toka Bujumbura, Ngongo akaanza kutengeneza picha kwa majani: anatwanga lengalenga nyekundu, anachuja maji yake, anayapaka juu ya karatasi, anaiacha ikauke gizani, kisha analaza filme juu yake, anafunika kioo na kuianika siku nyingi, mpaka jua lenyewe lichore uso wa mtu. Zilizofaa zilikuwa mbili tu: yangu, na ya huyo mwanamke wa Rurambo aliyekuwa anateremsha maziwa kutuuzia.

Yangu aliianika akaenda zake kunywa. Ya Ninahazwe, mama wee! Aliilinda kama kuku kwenye mayai. Mbuzi akisogea anafukuza, mvua ikianza anavua shati lake kuifunika. Minye nilibeba mimba ya Achille chini ya mvua ya Uvira hii hii, hakuna aliyenivulia shati. Nikamwuliza, "Papa Achille, huyu iko na nini?" Akacheka: "Iko na mashavu yanayopokea mwanga." Mashavu! Mpaka leo nikinawa uso nayasikia hayo maneno.

Alipomaliza akaniambia, "Mama Achille, picha za majani hazina dawa ya kuzishika. Jua lililozichora litazila. Uziweke zote mu sanduku." Nikamjibu, "Ahaa, weye unataka minye nifichwe!" Nikapiga msumari, nikatundika yangu saloni, mbele ya dirisha la ziwani, jua la asubuhi likiingia lote, majirani wanione. Ya Ninahazwe nikaitupa mu sanduku, chini ya vikwembe vyangu vya kuvaa, asionwe na mtu. Angalieni ukutani sasa: karatasi ya manjano, hata pua yangu haimo. Na yeye je? Fanny, fungua hilo sanduku... mnamwona? Shanga zote zipo, na mwanya wa meno. Minye mwenyewe nimemtunza, bila kutaka.

Ninahazwe amekufa, na picha zake nyingine ziliungua pamoja na nyumba yao. Mtoto wake hana pengine pa kumwona. Asubuhi nilikuwa nimekata shauri: mpeni, lakini msimwambie habari ya jua. Aitundike kule Rurambo, kwenye jua la milimani, mama yake aishe kama nilivyoisha minye.

Nipeni maji... Hapana, subirini. Yule ametangulia. Yuko kule na Ngongo, minye niko hapa nakohoa. Uso wake ukifutika kwenye picha atamlilia Ngongo, naye atamhurumia, na babu yenu namjua, akimhurumia mtu humtazama sana.

Kwa hiyo, Fanny, mfunge vizuri kwa kikwembe cheusi... siyo hicho, hicho ni cha harusi yangu... Mwambie Consolée amtazame kidogo tu, rido za madirisha zikiwa zimeshushwa, kisha amrudishe gizani. Na mwambieni ni nani aliyemtunza. Hilo msisahau.

Achille, leta mkono. Mungu awatazame, wanangu, asichoke kuwatazama... wala ninyi msichokane. Na minye... msingoje watu wa mbali. Nizikeni upesi. Yule... yuko naye peke yake.