Ukurasa Usio na Kitufe cha Kukataa

Uliliona tangazo kwenye ukurasa wa mtaa mtandaoni kwamba uwanja wa watoto wetu utageuzwa maegesho ya magari, ukalipita tu. Jana kwenye treni, nikiwa nimeketi nyuma yao, Adoyo mshonaji alimbana Mahad, msimamizi wa ukurasa huo. “Mwenyekiti wa mtaa anasema watu mia mbili wamelipenda tangazo. Mbona hakuna kitufe cha kukataa?”

“Tulikitoa, mathe. Watu walikitumia kumzomea msichana mmoja hadi akahama. Wewe andika sababu zako.”

“Niliandika, ukafuta!”

“Ulimtusi mwenyekiti.”

“Nilimwita mwizi. Hilo ni tusi ama ni kazi yake?”

Behewa likacheka. Mahad hakucheka. Treni ikasimama Makadara, wakashuka wakizozana.

Mwaka wa tisini na sita tuliuokoa uwanja huo kwa kusimama mbele ya tingatinga. Kesho asubuhi linarudi. Weka simu chini, uje usimame.