Mayi Nasibeko na Magunia Manne ya Mwisho

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shamba la shule yetu ya wasichana, Mayi Nasibeko Chimphamba, mama yetu sote, anastaafu. Thelathini na mmoja, jamani! Kamati ya hafla hii ya kumuaga imenipa kalamu mimi, Dzinkambani wa stoo, kwa kuwa hakuna aijuaye habari yake kunizidi. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasifiwa hadi Lilongwe.

Alianza kama mpalizi, akapanda hadi msimamizi. Nyani wa mlimani walimwogopa kuliko bunduki. Mmoja, kwa macho yangu haya, alirudisha hindi aliloiba, akaliweka chini taratibu, akaondoka kwa adabu.

Lakini habari yenyewe ni ule mwaka wa ukame. Mwezi wa kumi ilinyesha chizimalupsa, ile mvua ya kuzima majivu ya nyika iliyochomwa. Kila mwaka hutudanganya, na kila mwaka tunaiamini. Tukapanda wote, naye akapanda. Kisha mawingu yakafungasha virago. Jua likawaka hadi nguo zikakauka kabla ya kufuliwa. Mahindi yakachipua, yakanyauka, yakafa.

Stoo kwangu yakabaki magunia manne ya mbegu. Abusa Mkwezalamba, mchungaji wetu na mkuu wa shule wa wakati huo, akataka yasagwe, wasichana wapate nsima, ugali wetu, wamalize muhula. Mayi akakataa: tukila mbegu, muhula ujao hakuna shule.

“Mayi, una uhakika mvua inakuja?”

“Sina, Abusa.”

“Sasa unapanda kwa nini?”

“Nikiwa na uhakika, nitamwachia Mungu kazi gani?”

Abusa akanipa ishara nifungue stoo. Mimi nikadakia, “Mayi, kanga wa mlimani wanakushukuru kwa karamu!”

“Dzinkambani, mdomo wako ungekuwa jembe, tungeshamaliza ekari mbili. Beba gunia!”

Nikabeba mawili kwa mpigo, moja kila bega, na siku hiyo nilikuwa na homa.

Tukapanda vumbini. Msidhani hakuogopa. Nilimwona mwisho wa tuta akifuta machozi kwa chitenje chake cha kiunoni, kisha akaanzisha wimbo kwa sauti ya kutisha kunguru. Wasichana wakawa wanakunywa uji mwepesi, wazazi wakaanza kuja kuwachukua. Kila asubuhi Mayi alifukua mbegu moja kwa kidole, akaitazama, akaifunika, akaja ibadani na kutangaza: “Bado. Tuimbe!”

Jumapili moja Abusa alisimama, macho mekundu, kusoma tangazo la kufunga shule. Hakuna aliyelisikia hadi leo! Bati lilinguruma, mvua ikashuka kana kwamba mtu amepindua ziwa. Abusa akasoma, akasoma, halafu akavua viatu akakimbilia shambani na joho lake, sisi nyuma yake, tukipiga vigelegele matopeni. Mavuno yale! Hindi moja tulilibeba watu wawili.

Shule haikufungwa hata siku moja. Wasichana wa uji ule leo wamekaa viti vya mbele: wauguzi, walimu, mama wa watoto, mmoja ni mkuu wetu wa sasa. Watazameni.

Mayi, zikomo kwambiri, asante sana. Kesho yako huko Dedza unakohamia huijui, nasi hatuijui. Nenda nayo hivyo hivyo, ukiimba. Mungu akujalie siku ndefu, magoti yasiyouma na majirani wasiochoka kukusikiliza.